Naye Ahesabiwe

Kanuni ya matunzo ya watoto ilimbana baba mzazi peke yake, na Sudi aliipinga mahakamani kwa kijicho kitupu. Makame kamwoa mtalaka wa Sudi, anakula sahani moja na binti wa Sudi. Kwa nini naye asichangie?

Jaji alikubali. "Tangu leo, anayeishi na mtoto naye ahesabiwe mzazi."

Sudi alicheka, kisha akagutuka. Kasema mzazi, hakusema mlezi.

Barazani pa mahakama, Makame akiwa kando yao, kamba ya kiatu cha binti ilifunguka. Sudi akainama upesi aifunge. Mtoto akaurudisha mguu nyuma, bila ubaya wowote.

"Ngoja, baba. Baba anajua ninavyopenda."

Makame akapiga goti. Sudi alibaki ameinama vilevile, vidole vyake vikifunga hewa.