Neno la Mke

Safari hii Mathayo aliongeza matapishi.

"Nililala juu yake, wapendwa," aliliambia kanisa, kipaza sauti kikimgusa midomo. "Matapishi yangu mwenyewe, yamechanganyika na uraka, ile pombe ya mabibo. Nzi wananiingia mdomoni. Nikizinduka nanawa uso kwa uraka ule ule, halafu narudi nyumbani kumpiga mke wangu."

Kinamama wakaguna kwa uchungu.

Felista, mke mwenyewe, alikuwa benchi la pili akitazama sakafu. Mate yalimjaa mdomoni, yale ya mtu anayekaribia kutapika, akayameza. Kila Jumapili alidhani mumewe amefika mwisho, na kila Jumapili ilipatikana taka nyingine ya kumwagwa madhabahuni. Iliyopita ilikuwa zamu ya khanga. Mathayo alisimulia jinsi alivyomziba nayo mdomo mkewe ili majirani pale Rahaleo wasisikie kilio. Watu walilia machozi. Felista alishinda na njaa siku nzima, chakula hakipiti.

Na kanisa lilipenda. Hilo ndilo lililomchefua kuliko yote. Pale, mtu asiye na ushuhuda hakuwa mtu. Mwaka wao wa kwanza kanisani hapo, Mathayo, karani wa bandarini, alikaa benchi la nyuma akisikiliza majambazi wastaafu na waganga waliotubu wakipigiwa makofi. Siku aliyosimama na kusema kwamba alikuwa mlevi wa kutupwa, aliyekunywa kwa siri huko mashambani, kijiji cha Ziwani, ili wakubwa wa ofisini wasijue, mchungaji alimkumbatia mbele za watu. Sasa kanda za ushuhuda wake ziliuzwa mlangoni pamoja na kalenda.

Kanda moja ilifika mpaka Masasi, kwenye shule ya bweni ya binti yao, Upendo. Aliporudi likizo alikaa mezani bila kumtazama baba yake.

"Mama, mbona mimi sikumbuki?"

"Ulikuwa mdogo," Mathayo alijibu kabla Felista hajafungua mdomo. Alisema kwa upole, akamsogezea mtoto kipande cha samaki. Upendo aliinuka na sahani yake. Tangu siku hiyo alikula jikoni, peke yake.

Hata Mama Nassoro, jirani wa ukuta mmoja, ambaye wala si Mkristo, alikuja na bakuli la mihogo ya nazi.

"Pole, mwenzangu," alisema. "Kumbe ulikuwa unateseka hapa hapa na mimi nimelala tu. Sikusikia hata siku moja."

Felista alipokea bakuli, akashukuru. Huruma ile ilimnukia vibaya kuliko samaki wa juzi.

Jana, Jumamosi, ndipo Mathayo alipomweleza habari yenyewe. Mchungaji alitaka kumsimika kuwa mwinjilisti. Kulikuwa na nyumba ya kanisa kule Mtawanya, ina bomba uani, watahamia humo. Kilichobaki ni mke kusimama na kuthibitisha.

"Utasema kidogo tu, Mama Upendo. Sema ulivyonisamehe. Na lile kovu la mkononi uwaonyeshe."

"Kovu hili?"

"Hilo hilo."

Felista alivuta khanga akalifunika. "Niyaseme hayo mbele za Mungu, Mathayo? Na mtoto akisikia?"

"Mungu ndiye anayetukuzwa," alisema Mathayo, akaenda kupiga pasi shati lake jeupe.

Ndiyo maana leo, matapishi yalipokwisha, kipaza sauti kilikuja mkononi mwa Felista, bado kina unyevu wa mate ya mumewe. Alikifuta kwa khanga. Alimtafuta Upendo kwa macho, akamwona amekaa na wanakwaya, uso umekunjamana.

"Mume wangu hajawahi kunipiga," alisema. "Uraka hajauonja. Mkono huu niliungua nikibangua korosho, yale mafuta ya maganda."

Mchungaji alimsogelea taratibu, akamwekea mkono kichwani, na kwa mkono wa pili akakichukua kipaza sauti.

"Mnaona, wapendwa, kipigo kinavyomfunga mtu kinywa? Bado anamfichia. Bado anamwogopa."

"Si hivyo," Felista alisema, lakini sasa hakuna aliyemsikia. Kinamama walikuwa wamekwishamzunguka, wakilia na kumwombea kwa sauti, jasho lao na kamasi zao zikimlowesha mabega. Mmoja aliushika mkono wake akaunyanyua juu ili walio nyuma nao walione kovu. Felista alifumba macho asiwaone.

Alipoyafumbua, Mathayo alikuwa amepiga magoti mbele yake, anatokwa na machozi ya kweli.

"Uinjilisti utasubiri," mchungaji alitangaza. "Kwanza tuiombee nyumba hii. Ndugu yetu bado hajafunguliwa."

Upendo hakungoja baraka ya mwisho. Aliondoka na wanakwaya wenzake, na alipopita mbele ya baba yake alitema mate chini. Alisema hatarudi katika nyumba ile.

Felista na Mathayo walirudi wawili. Ndani, Mathayo alifunga mlango. Alivua tai, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya Biblia.

"Umeniharibia kila kitu," alisema.

Alinyanyua mkono, akaushusha, akaunyanyua tena, kama mtu asiyejua kazi inaanzia wapi. Kisha akampiga mkewe, mkono ukampata nusu sikioni, nusu shingoni. Lilikuwa kofi la kwanza katika ndoa yao, na upande wa pili wa ukuta Mama Nassoro alilisikia vizuri kabisa.