Bateria ya Dakika Sita

Seli ya tatu ilikataa kujaa. Aníbal aliigusisha tena nyaya za kipimo, akasoma: volti tatu nukta tisa. Mbili za mwanzo zilishafika nne nukta mbili tangu asubuhi, lakini hii, aliyoichomoa kwenye kompyuta mbovu ya kituo cha afya, ilikuwa inakunywa jua bila kushiba.

Ndani ya nyumba mkewe, Ilda, aliguna kwa kujizuia.

Chamima mkunga akatoka, anajifuta mikono kwa kanga. "Mtoto bado amelala mkingamo. Nimejaribu kumgeuza, hageuki. Ilda ni wa kupasuliwa, Aníbal. Jua likizama hajafika hospitali..."

Akageukia upande wa bara.

Hospitali ilikuwa bara. Kati ya bara na kisiwa cha Macaloe ulipita mkondo, na kwenye mkondo ilitia nanga boti ya doria ya wanamaji. Siku ya kumi na mbili sasa, kwa hofu ya waasi, amri ilikuwa ile ile: chombo chochote kisitoke kisiwani. Simu hazikushika mtandao. Jana Jaime, kakake Ilda, alijaribu kutoka na mtumbwi, ameinua shuka jeupe. Risasi zilipasua maji mbele yake kabla hajafika nusu ya njia, akageuza mtumbwi.

Kilichobaki ni ndege.

Aníbal, fundi wa sola wa kituo cha afya, alianza kuiunda siku ile Chamima alipopapasa tumbo la Ilda na kukunja uso. Mabawa aliyakata kwa kisu cha moto kutoka yale maboksi meupe mepesi ya kuwekea samaki na barafu. Mota, pangaboi na rimoti aliachiwa na mhandisi mmoja wa gesi, aliyekuwa akirusha ndege za kuchezea kule mjini Palma, bara, kabla vita havijawatawanya watu. Bateria ndiyo iliyomsumbua. Seli kumi na nane alizipima moja moja, tatu tu zikafaa. Kwa hesabu yake zilitosha dakika sita angani.

Mwishowe aliipaka ndege rangi nyekundu ya mashua.

"Shemeji, si ungeipaka ya buluu ipotelee mbinguni?" Jaime alimuuliza. "Hii hata kipofu ataiona."

"Lazima ionekane," Aníbal alijibu. "Nisipoiona nitairushaje?"

Ilda akapiga ukelele, na safari hii hakujizuia. Aníbal akachomoa seli kwenye chaji. Alizifunga pamoja kwa utepe, akazisukuma tumboni mwa ndege, akaisogezasogeza bateria mpaka ndege ikatulia sawasawa juu ya ncha za vidole vyake viwili. Kisha akamwinamia Chamima sikioni. Mkunga alimkodolea macho, akarudi ndani mbio.

"Twende kule kwenye ncha ya kisiwa, mchangani," Aníbal alimwambia Jaime.

"Mchangani? Hata kichaka hakuna! Rushia nyuma ya mikoko, uipitishe chini chini."

"Kule ni mbali na nyumba za watu."

Jaime alikuwa na karatasi aliyoandika Chamima: jina la mgonjwa, hali yake. "Hii niifunge wapi? Watakaoiokota bara waijue habari."

"Itaongeza uzito." Aníbal aliitia mfukoni mwa shati.

Jaime alitaka kuuliza, lakini mota ilishaanza kuvuma. Akainua ndege juu ya kichwa, akakimbia hatua tano, akaitupa.

Ilizama karibu kugusa mchanga. Aníbal akaongeza moto. Ikainuka, ikayumba, ikashika njia ya mkondo. Alihisi jasho likimtelezesha vidole. Kama seli ile ya tatu ingekata tamaa sasa, hakukuwa na nyingine.

Dakika moja. Mbili. Boti ya doria ilikuwa mbele kabisa ya pua ya ndege.

"Pinda, shemeji!" Jaime alipiga kelele. "Pinda, wataiona!"

Ndege nyekundu ilipita juu ya sitaha. Watu wakaanza kukimbia huku na huku. Ikazunguka, ikapita tena, chini zaidi. Bunduki zikalia. Kipande cha bawa kilipeperuka, na Aníbal akauma meno kama aliyepigwa yeye.

"Imekushinda?" Jaime aliuliza.

Aníbal akapinda kijiti cha rimoti. Ndege iligeuza pua, ikaanza kurudi kisiwani ikichechemea. Mvumo wake ukapungua, ukakatika. Ikaelea bila sauti, ikaangukia kwenye maji machache, mbele ya miguu yao.

Jaime alishika kichwa. "Haikufika. Dada yangu jamani, haikufika!"

Kule mkondoni injini ziliunguruma. Boti ya doria ilikuwa inakuja, moja kwa moja.

"Kimbia!"

"Nenda kwa dada yako," Aníbal alisema. Jaime akatimka; yeye akailaza rimoti mchangani, akainua mikono.

Pua ya boti ilipopanda mchanga, askari sita waliruka. Walimlaza kifudifudi, wakamfunga mikono kwa nyuma. Tenente, yaani luteni wao, kijana wa kusini, akamsimamia.

"Nani alikuwa anairusha?" aliuliza kwa Kireno.

"Mimi, tenente. Peke yangu."

"Unajua kinachompata mtu wa namna hii?"

"Najua."

Askari mmoja aliivuta ndege kutoka majini, akaipasua tumbo kwa kisu. Tenente akachungulia, akapekuapekua, uso ukambadilika.

"Haina kamera. Haina bomu. Ulikuwa unaipeleka wapi?"

Aníbal aliinua shavu lililojaa mchanga. Nyuma ya buti za askari, wanawake wanne walikuwa wanakuja mbio wamembeba Ilda kwenye machela, Chamima mbele yao.

"Nilikuwa naileta kwenu," alisema. "Msizime injini, tenente. Mke wangu anaingia."