Kigingi cha Mwaloni

Mzee Ngosha hakuwa na shahada, tai wala cheo. Alikuwa na patasi, na miaka arobaini ya kuitunza nyumba ile ya kale ya Kiingereza, iliyosimama kwa boriti za mwaloni na vigingi vya mbao, bila msumari hata mmoja.

“Jumatatu tunazipiga saruji kuta zote,” mhandisi aliyeletwa kuikarabati akasema. “Nyumba hii bibi kizee nayo ipakwe poda!”

“Mbao hupumua, mwanangu. Saruji itafungia unyevu ndani, utaziozesha. Nimekuandikia barua mbili.”

“Ushahidi uko wapi, mzee?”

Ngosha akachomoa kigingi kwenye ukuta uliopigwa saruji mwaka jana. Kilikuwa laini kama mkate uliolowa, na maji yakaanza kudondoka kutoka tundu lake. Mhandisi hakugeuka kutazama.

Ngosha akakitia ndani ya bahasha pamoja na barua ya tatu, hii kwa meya, akaifunga kwa gundi ya mbao, akaituma. Tunduni, maji yaliendelea kudondoka.