Blanketi la Kiyoyozi

Kisanduku cha nje cha kiyoyozi kilikuwa kimefunikwa blanketi na kufungwa kamba, kama ilivyokuwa kila baridi ikianza. Fundi alisimama uani na mkoba wake wa vifaa. Aliyekuwa akikifunika alikuwa amezikwa miezi miwili iliyopita, na huyo alikuwa mama yake.

Ndani, kwenye kiti cha dirishani, alikaa baba yake, ambaye hakutakiwa kujua fundi ni nani.

Miaka saba nyuma, fundi alipoikataa karakana ya useremala ya nyumbani akaenda kusomea viyoyozi, mzee alikuja juu mbele ya ukoo mzima. "Asikanyage hapa nikiwa hai!" Na mzee yule akisema, amesema. Hata alipopofuka macho, hakurudisha neno lake.

Mama ndiye aliyebuni ujanja. Kiyoyozi cha nyumba ile kilikuwa na kazi mbili: msimu wa joto kilipoza, msimu wa baridi kilipasha. Basi kila msimu ukigeuka, alikitia ila kidogo. Joto likianza, aliiacha rimoti kwenye kupasha mpaka sebule ikawa tanuri. Baridi ikianza, alikifunika kisanduku cha nje blanketi, feni ikakosa hewa, kikaganda barafu. Kisha alipiga simu kwa sauti ya kusikika nyumba nzima: "Fundi, njoo, kimegoma tena!"

Naye alikuja, mara mbili kwa mwaka, akiongea kwa sauti nzito ya kuazima kama mtu mwenye mafua ya kudumu.

Mzee alikuwa na swali lilelile kila baridi.

"Hebu nieleze tena, fundi. Hilo joto linatoka wapi?"

"Huko huko nje, Mzee. Wakati wa joto, mashine inalichukua joto la ndani na kulitupa nje. Baridi ikija inageuza, inalitafuta nje na kulileta ndani."

"Nje si ndiko kwenye baridi?"

"Joto lipo, Mzee. Kidogo, lakini lipo. Inaliokota hivyo hivyo."

"Haya. Umekula?"

Hakumruhusu kuondoka kabla hajala. Fundi alikula taratibu, macho kwa baba yake, akijiibia dakika. Mama alikuwa akiwatazama wote wawili, kisha anajitia kuosha vyombo.

Mazishini alisimama nyuma kabisa, kofia imeshuka usoni. Alimlilia mama yake kwa kujibana, kama mpita njia, na uchungu ulikuwa mara mbili. Hakukuwa na mtu tena wa kumwita nyumbani.

Halafu asubuhi hii akapigiwa simu na jirani, yule mama anayempelekea mzee chakula. "Mzee anasema kiyoyozi kimegoma. Nimemwambia mume wangu anaweza kukiangalia, kaniwakia! Anamtaka yule fundi wa siku zote."

Sasa blanketi hili. Ni huruma za jirani tu, fundi aliwaza. Atakuwa amekiona kinatetemeka, akakifunika. Kamba ilikuwa imefungwa ovyo, fundo juu ya fundo, wala si kama mama alivyozoea kuikaza. Aliifungua, akalikunja blanketi. Lilikuwa na harufu ya kabati la mama yake, na hapo machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Aliwasha mashine. Baada ya muda feni ya nje ilinyamaza ili mashine ijiyeyushe barafu, mvuke ukapanda, ikaanza kudondoka vipande vipande. Alingoja mpaka feni izunguke tena. Akajifuta uso, akakohoa, akaiazima ile sauti nzito na kuingia.

"Tayari, Mzee. Kilikuwa kimefunikwa tu. Nitamwambia jirani asirudie."

Hewa ya moto ilianza kushuka kutoka ukutani. Mzee aliinyooshea mikono. Vidole vyake vilikuwa na michubuko mibichi, na fundi akaingiwa na huruma. Mtu asiyeona kuishi peke yake ni kujigonga kila kona.

Kwenye meza ndogo palikuwa na sahani mbili zilizofunikwa. Jirani alikuwa amepakua chakula cha mtu mmoja, mzee akakigawa mwenyewe kwa kupapasa, na kingine kikamwagikia mezani.

"Jirani hana kosa," mzee alisema. Akauelekeza uso kule sauti ilikotoka. "Mama yako ndiye aliyejua kuifunga ile kamba. Mimi kazi yangu ilikuwa kumshikia blanketi."