Upepo kwenye Breki

Eda ya Somoe ilikuwa inaisha leo jua likizama. Kisha angeondoka na gari lake kuukuu, arudi kwao. Hadi hapo Faki, mume aliyempa talaka, angeweza kumrejea kwa neno moja tu, neno ambalo miezi mitatu hakulitamka.

"Breki inazama. Usiende nayo hivyo," Faki alimwambia alasiri, akaingia chini ya gari kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Somoe akakaa kwenye usukani.

"Kanyaga. Kanyaga. Shikilia." Mafuta ya breki yenye povu yakachuruzika kwenye chupa. "Achia."

Wakaenda hivyo gurudumu baada ya gurudumu, hadi pedali ikawa ngumu kama jiwe chini ya wayo wake.

"Vipi?" Faki akauliza.

"Bado laini," Somoe akadanganya.

Chupa alikuwa nayo Faki mwenyewe. Lazima aliona mafuta yanatoka safi, hayana povu hata chembe, upepo umekwisha.

"Haya, kanyaga tena," akasema. "Shikilia."

Somoe akashikilia. Adhana ya magharibi ikaanza; jua limezama, eda imekwisha. Hakuachia pedali, akangoja aambiwe kitu, chochote. Chini ya gari spana ilianguka, wala haikuokotwa.