Jina Lisilo na Mstari

Wewe ungemvumilia mwanafunzi ambaye kwa miezi miwili hajaandika hata mstari mmoja, na bado anataka cheti sawa na wenzake?

Nicolas hakuweza. Alikuwa shefu, yaani kiongozi, wa kikundi cha watu watano waliosomea ualimu kwa intaneti, mwaka ule vita viliposhuka kutoka milimani hadi karibu na mji wa Baraka. Kazi yao waliiandika pamoja kwenye wiki, yaani ukurasa mmoja ambao kila mwanafunzi anaongeza lake na kusahihisha la mwenzake, na ukurasa wenyewe unatunza jina la aliyeandika na saa yake. Profesa, aliyekuwa mbali kule Bukavu, alishaagiza: asiye na mstari atolewe kabla ya Ijumaa, asiingie tena chumba cha mashine za kompyuta.

"Pulchérie, sifuri!" Nicolas alisoma kwa sauti, chumba kizima kisikie. "Nyeupe kama yai."

Pulchérie alikuwa kwenye mashine ya kona, kitenge kimefifia, vumbi jekundu la njia limemfika magotini. Kila siku alifika saa nane, jenereta inapowaka, akabonyeza bila kuinua kichwa mpaka saa kumi, inapozimwa.

"Unabonyezaka nini pale, mama? Unatafuta bwana wa Ulaya?"

Pulchérie akazidi kubonyeza.

"Angalia benzako! Ketsia, Dany, Yasini. Kule kwabo masasi ya bunduki inalia, na bale beko banaandika. Tena na adabu: Ketsia anaacha, Dany anaingia, kiisha Yasini. Kama bamama benye heshima ku bomba ya maji!"

Watatu hao hakuwahi kuwaona. Walikuwa wa kijiji kimoja na Pulchérie, kwenye njia ya Misisi, na ni yeye aliyewaandikisha. Nicolas aliwatumia pongezi kila juma. Hawakumjibu hata mara moja. Hilo nalo lilimpendeza. Watu wa kazi hawana domo.

"Shefu," Pulchérie alisema polepole, "uniache mpaka Ijumaa tu. Kazi itumwe. Kiisha unitoe."

"Hauna haya? Unataka kula jasho ya bengine!"

Akalifuta jina lake kikundini, akamwita mlinzi. Pulchérie akabonyeza mara ya mwisho, akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

Nicolas akarudi kwenye ukurasa kusoma hitimisho. Mstari mpya wa Yasini ulikuwa umeingia sasa hivi: *Mwalimu mwema ni yule ambaye*

Akangoja. Hakuna kilichofuata. Ketsia hakuingia, wala Dany.

"Umumalizie Yasini sentensi yake, shefu," Pulchérie alisema mlangoni. "Tulibazika siku moja, bote batatu, hata kazi ilikuwa haijaanza. Mi nilitaka tu bamama yabo bapate vyeti."