Mwanga wa Mara ya Tatu

Anjeline alipomwona mumewe langoni aliangusha karai la dagaa wa omena, akakimbilia nyumba ya Mathews, akajifungia.

Zephaniah hakumlaumu. Mtu anamwacha mke kijana hapa Marachi, anakwenda ng'ambo kuchungulia mbingu miaka nenda miaka rudi, simu hata moja hapigi, halafu atarajie vigelegele? Kilichomuuma ni kwamba mamake hakutokea. Alikuwa amekuja kwa ajili ya mama huyo. Alitaka amwambie kwa kinywa chake mwenyewe: nisamehe, Mama.

Aliyetoka ni Mathews, mdogo wake. Alinyoshewa mkono, hakuupokea.

"Usipitie langoni," akasema. "Zunguka nyuma, kwa shamba la mahindi."

Wakazunguka. Kwa wasiwasi Zephaniah akaanza kubwabwaja, kama kawaida ya wasomi. Kuna mashimo meusi mawili huko mbali, kila moja zito kuliko majua milioni, yanazungukana. Yenyewe hayaonekani. Kinachoonekana ni mwanga wa gesi inayoyazunguka, unapanda na kushuka kila baada ya miaka minne. Ulipopanda mara ya kwanza, wenzake walimcheka. Mara ya pili wakasema ni bahati tu. Ikabidi angoje mara ya tatu.

"Na sasa wameamini?"

"Mwanga wameukubali. Bado wanataka shahidi wa pili, mawimbi ya mvutano, yale yanayotikisa anga lenyewe. Kila mwaka nilijiambia, nikipata jibu nitapiga simu nyumbani. Subira huvuta heri, Mathews."

"Ngojangoja huumiza matumbo," Mathews akamjibu. "Sisi tulingoja hiyo simu. Mama alipiga magoti kanisani mpaka yakaota sugu. Mwishowe tukachoka. Mwaka jana tukazika."

Zephaniah akasimama katikati ya mahindi.

"Mkazika bila mimi?"

"Ungekuja, tusingezika."

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, msalaba wake umerukiwa na matope ya mvua. Zephaniah akaanguka kifudifudi. Akalia, mwanamume mzima, akikwangua udongo kwa kucha: Mama, nimechelewa, Mama. Alijichukia, alizichukia darubini zote duniani. Mathews alimwacha alie. Hakumgusa.

Kilio kikafika jikoni.

"Mathews," sauti ya mama yao ikaita kutoka ndani, "nani huyo analia hapo nyuma?"

Zephaniah akapangusa matope msalabani kwa kiganja. Akasoma jina lake mwenyewe.

"Mwili wako hatukuwa nao, tukazika mgomba badala yake," Mathews akamnong'oneza. "Na aliyezikwa harudi bomani."

Kisha akapaza sauti.

"Ni mgeni tu, Mama. Amekuja kumlilia Zephaniah."